Kocha Katufungisha: Kauli za Kitenzi na Mgawanyo wa Lawama katika Usemi wa Shabiki wa Soka

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna shabiki wa soka anayezungumza Kiswahili anavyotumia mnyambuliko wa kitenzi, viambishi vya nafsi na viambishi vya masharti kugawa lawama baada ya timu yake kufungwa mabao mengi. Mchezo unaorejelewa ni wa tarehe 5 Novemba 2023, Simba ilipofungwa na Yanga mabao 5-1, na mahali anapowekwa shabiki huyo ni Kisaki, mkoani Morogoro. Inahojiwa kwamba kinachosikika kama kelele za hasira kina uchambuzi wa mbinu ndani yake, na kwamba uchambuzi huo umebebwa na sarufi zaidi kuliko msamiati.

1.0 Utangulizi

Usemi wa mashabiki wa soka umewavutia wanaisimu wa Kiswahili kwa upande mmoja tu: msamiati. Maneno kama kupaki basi, kukaba, kula chenga na namba kumi yameorodheshwa, yakaelezwa asili yake, na mara nyingine yakalaumiwa kuwa yanaharibu lugha sanifu. Orodha hizo zina faida, lakini zimeacha swali la msingi bila kuguswa. Shabiki anapofungua kinywa baada ya kipigo kikubwa, jambo la kwanza analotaka kusema ni nani aliyesababisha. Swali la nani kasababisha, katika lugha ya Kibantu yenye kitenzi kinachobeba viambishi vingi kama Kiswahili, hujibiwa ndani ya kitenzi kabla ya kujibiwa kwa nomino.

Kisaki imechukuliwa kuwa mahali pa maelezo haya kwa sababu ya umbali wake. Iko kusini mwa Milima ya Uluguru, katika Wilaya ya Morogoro, na ina stesheni ya reli ya TAZARA. Shabiki wa huko, kama wenzake wa miji midogo mingi ya Tanzania, hupata mchezo kwa redio au katika kibanda umiza, kwa maana ya chumba cha runinga ambamo watazamaji hulipa kiingilio kidogo na kubanana kwenye mabenchi. Kikutu ni mojawapo ya lugha za asili za eneo hilo, na Kiluguru kiko jirani. Hata hivyo mjadala wa Simba na Yanga huendeshwa kwa Kiswahili, kwa kuwa msamiati wake umefika kwa Kiswahili, kutoka kwa watangazaji. Shabiki huyu hazungumzi na kocha wala haoni mazoezi. Alicho nacho ni picha ya kamera na lugha yake.

Mifano yenye nambari imeundwa kwa ajili ya maelezo, kwa kufuata miundo ya usemi wa kawaida wa mashabiki. Si nukuu za watu mahususi.

2.0 Mchezo wenyewe

Katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Kennedy Musonda aliifungia Yanga mapema, Kibu Denis akasawazisha, na timu zikaenda mapumziko zikiwa 1-1. Mabao manne yaliyobaki ya Yanga yalikuja ndani ya nusu saa ya mwisho: mawili ya Maxi Nzengeli, moja la Stephane Aziz Ki na moja la Pacôme Zouzoua. Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Mbrazili Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho, hakuwa tena kazini.

Mpangilio huo wa mabao una umuhimu wa kiisimu. Kipigo kilichoanza kwa sare ya mapumziko kinadai maelezo ya aina tofauti na kipigo cha tangu mwanzo. Timu iliyozidiwa dakika zote tisini inaweza kusemwa kuwa ni dhaifu, na mjadala ukaishia hapo. Timu iliyokuwa sawa hadi mapumziko kisha ikaruhusu manne lazima iwe imefanyiwa jambo, au imefanya jambo, au imeacha kufanya jambo. Njia hizo tatu za kufikiri zina kauli tatu za kitenzi.

Historia ya watani hawa ina vipigo vingine vya namna hiyo. Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, na tarehe 6 Mei 2012 ikaifunga 5-0. Kwa hiyo sarufi inayoelezwa hapa si mali ya upande mmoja. Mwaka 2012 waliokuwa wakiitumia walivaa kijani na njano.

3.0 Kutoka kutendwa hadi kutendesha

3.1 Kauli ya kutendwa

Habari ya kipigo huanza na kauli ya kutendwa. Vitenzi vyake ni vya kupigwa: kuchapwa, kutandikwa, kunyukwa, kukung'utwa. Kando yake kuna kula, ambacho hakina kiambishi cha kutendwa lakini kina maana ya kupokea: kula tano.

(1) Tumefungwa tano na Yanga.

Katika (1) mtenda yupo, amewekwa baada ya kiunganishi na. Anaweza kuachwa, na mara nyingi shabiki aliyefungwa humwacha kwa sababu jina hilo linamkera. Lakini nafasi yake ipo. Sentensi inakiri kwamba kuna aliyefunga. Ndiyo maana kauli hii ni ya saa ya kwanza, ya mshtuko. Inampa mpinzani sifa yake, na shabiki mwenye hasira hawezi kukaa nayo muda mrefu.

(Kuhusu tano: mabao hudai matano, na goli likichukuliwa kuwa la ngeli ya 9/10 hudai tano. Nomino inapoachwa, usemi wa mitaani huchagua tano, umbo la kuhesabia, na vidole vitano vilivyonyooshwa hutosha badala ya sentensi nzima.)

3.2 Kauli ya kutendeka

Baada ya muda, mara nyingi mjadala ukiwa bado mbichi, kiambishi hubadilika.

(2) Kiungo kilipitika.
(3) Ukuta ulibomoka.
(4) Timu ilikatika katikati.

Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliieleza kauli hii kuwa inaonyesha hali bila kurejelea mtenda. Maelezo hayo bado yanasimama, na jaribio lake ni rahisi: ukuta ulibomolewa na Yanga ni sentensi sahihi, lakini ukuta ulibomoka na Yanga haikubaliki kwa maana hiyo. Nafasi ya mtenda imefutwa kabisa.

Kufutwa kwa mtenda kunafanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Vitabu vya shule hueleza kutendeka kwa mifano ya vikombe vinavyovunjika na milango inayofunguka, na mwanafunzi hubaki akidhani kwamba kauli hii ni ya ajali. Katika kinywa cha shabiki ni kauli ya muundo. Kiungo kilipitika haisemi tu kwamba wapinzani walipita. Inasema kwamba eneo hilo lilikuwa na sifa ya kupitika, na yeyote mwingine angepita. Sifa zimeondolewa kwa Yanga na kosa limehamishiwa ndani ya Simba, kwa silabi moja.

Mfano (4) ndio wenye uzito wa kimbinu. Timu iliyokatika katikati ni ile ambayo washambuliaji wamebaki mbele, mabeki wamerudi nyuma, na katikati pamebaki uwanda mtupu. Wachambuzi hutumia maelezo marefu kuhusu umbali kati ya mistari. Mzungumzaji wa Kiswahili ana kitenzi kata na kiambishi -ik-. Inafaa kukumbuka, kwa kuwa msamiati wa soka umejaa vita (safu, mashambulizi, ngome), kwamba Kisaki yenyewe ilishuhudia kukatika kwa namna hiyo. Septemba 1916 vikosi vya Afrika Kusini vilivyokuwa vikiwafuata Wajerumani vilifika hapo kwa njia tofauti, kimoja kikipita magharibi ya milima na kingine upande wa pili, bila mawasiliano kati yao, na von Lettow-Vorbeck akapigana na kila kimoja kwa wakati wake na kuvirudisha nyuma. Wanahistoria wanaoeleza tukio hilo hawasemi sana kuhusu ushujaa wa washindi. Husema vikosi viliachana. Ni kauli ileile ya kimuundo, na hakuna anayeiita kelele.

3.3 Kauli ya kutendesha

Muundo hata hivyo haujipangi wenyewe. Anayesema timu ilikatika ataulizwa mara moja na jirani yake wa benchi: nani kaikata? Hapo ndipo linapokuja umbo lililopewa nafasi katika anwani ya makala hii.

(5) Kocha katufungisha.

Umbo hili linastahili maelezo ya kina kwa sababu linakwenda kinyume na matarajio. Kitenzi cha msingi ni funga, chenye mtenda anayefunga bao na timu inayofungwa. Kiambishi cha kutendesha kwa kawaida huongeza mtu anayemfanya mwingine atende: kusoma, kusomesha, kucheka, kuchekesha. Kwa kanuni hiyo, katufungisha ingepaswa kumaanisha “katufanya tufunge mabao”, na kocha angestahili pongezi. Hakuna shabiki anayeielewa hivyo. Maana inayopatikana ni “kasababisha tufungwe”.

Hili si kosa la mitaani. Kiswahili sanifu kina vitenzi kadhaa vya kutendesha ambavyo yambwa yake inaweza kusomwa kwa njia mbili. Mwalimu aliwaandikisha wanafunzi insha: wanafunzi ndio walioandika. Mama alimwandikisha mtoto shule: mtoto hakuandika chochote, aliandikwa. Kupigisha askari kwata ni kuwafanya wapige. Kumpigisha mtu kwa maneno yako ni kusababisha apigwe. Maana ya pili hutokea pale ambapo mtendewa wa kitenzi cha msingi ndiye anayechukua kiambishi cha yambwa, huku mtenda halisi akiachwa nje ya sentensi. Katika (5) aliyeachwa nje ni Yanga. Wafungaji wametoweka, wamebaki kocha na “sisi”.

Kwa hiyo safari kutoka (1) hadi (5) ina mantiki. Kutendwa kunampa mpinzani nafasi ya hiari. Kutendeka kunamfuta na kuacha kasoro ya muundo. Kutendesha kunamleta mtenda mpya, wa ndani, na kumweka mahali pa kiima, mwanzo wa sentensi. Lawama haijarushwa ovyo. Imepitia hatua ya kati ambayo ni maelezo ya kimbinu. Shabiki anayeruka kutoka (1) hadi (5) bila kupitia (4) ni mlalamishi tu, na wenzake wa kibanda umiza humjua. Watamuuliza: katufungisha vipi? Akishindwa kutaja kiungo kilichopitika au winga asiyerudi kukaba, hoja yake imekufa.

3.4 Kuachana

Vichwa vya habari za michezo vina kitenzi chao kwa kisa cha kocha anayeondoka: klabu imeachana naye. Kiambishi -an- hufanya pande mbili zitende sawa. Katika kuachana hakuna aliyeacha na aliyeachwa, kama vile katika kupigana hakuna aliyeanza. Mashabiki wana kitenzi kingine, katimuliwa, na tofauti kati ya vitenzi hivyo ni tofauti ya uwajibikaji: cha kwanza hulinda heshima ya pande zote, cha pili hudai kwamba kosa lilikuwa na mwenyewe. Inafaa kuongeza kwamba kuachana kunawafaa viongozi kuliko kunavyomfaa kocha. Ikiwa wote wawili wameachana, hakuna anayelazimika kueleza ni nani aliyemwajiri.

4.0 Simba kafungwa, Simba imefungwa, tumefungwa

Jina Simba lina tatizo la upatanisho ambalo Yanga haina. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya Yanga, na kwa miaka mingi ilijulikana kama Sunderland kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Nomino simba ina umbo la ngeli ya 9/10, lakini kwa kuwa ni kiumbe hai hupatana na ngeli ya 1/2: simba amefungwa ni mnyama aliyefungwa kamba. Klabu, kama taasisi, hupatana na ngeli ya 9: Simba imefungwa. Kama kundi la wachezaji, hupatana na ngeli ya 2: Simba wamefungwa.

Watani hawakukosa kuiona nafasi hii. Mnyama kafungwa, au Simba kafungwa, kwa upatanisho wa kiumbe hai, humrudisha mnyama ndani ya klabu, na kitenzi funga kikarudi kwenye kamba na kizimba. Mzaha wote umo katika kiambishi ka- badala ya i-. Shabiki wa Simba, akiwa anasimulia habari ileile, huepuka umbo hilo.

Yeye ana uchaguzi mwingine, kati ya tu- na wa-. Tumefungwa ni ya mwanachama wa jamii, hata kama hajawahi kukanyaga Msimbazi. Hoja iliyozoeleka ni kwamba shabiki husema tumeshinda na wamefungwa: hudai ushindi, hukana kipigo. Kwa kipigo kikubwa dhidi ya mtani hoja hiyo haitoshi. Kipigo cha aina hiyo hakikaniki, kwa kuwa kesho yake ni huyuhuyu wa Kisaki atakayenyooshewa vidole vitano dukani na stesheni. Kipigo ni chake, atake asitake. Anachokana ni uamuzi.

(6) Walianza na viungo wawili, tukafungwa tano.

Katika (6) upangaji ni wao na matokeo ni yetu. Nafsi imebadilika katikati ya sentensi moja, kwenye mpaka wa -ka-, kiambishi cha tukio linalofuata. Mgawanyo huo wa nafsi ni malalamiko kamili: wenye uwezo wa kuamua hawaumii, wanaoumia hawaamui. Uhusiano wa klabu na wanachama wake umejadiliwa kwa kurasa nyingi za katiba na mikataba ya uwekezaji. Shabiki ameujadili kwa viambishi viwili.

5.0 Angeingiza kiungo

Mbinu ni uwanja wa yale ambayo hayakutokea. Kumlaumu kocha ni kudai kwamba palikuwa na njia nyingine, na dai hilo huhitaji viambishi vya masharti. Sarufi za shule hufundisha kwamba -nge- ni ya sharti ambalo bado linaweza kutimia, na -ngali- au -ngeli- ni ya sharti lililokwisha kupita bila kutimia. Kwa kanuni hiyo, mchezo ukiisha shabiki anapaswa kusema:

(7) Angaliingiza kiungo mkabaji mapumziko, tusingalifungwa tano.

Anachosema ni hiki:

(8) Angeingiza kiungo mkabaji mapumziko, tusingefungwa tano.

Waalimu wataikosoa (8), ingawa kwa hakika wengi wao huitumia wenyewe nje ya darasa. Katika usemi wa Tanzania bara -nge- imechukua kazi ya -ngali- kwa kiasi kikubwa. Lakini katika mazingira haya inaweza kudaiwa kwamba kuna zaidi ya kurahisisha. -Ngali- hufunga mlango: jambo limepita, limekwisha. -Nge- huuacha wazi. Shabiki anayetumia -nge- kuhusu tarehe 5 Novemba anazungumza pia kuhusu mchezo unaofuata. Kosa ni la tabia ya kocha, na tabia inaweza kurudiwa. Sentensi ni hukumu ya jana na onyo la kesho kwa pamoja. Ufafanuzi huu unahitaji kupimwa kwa data ya mazungumzo, na mahali pazuri pa kuipata ni hapo hapo mabenchini, ambapo sentensi za masharti huzalishwa kwa wingi ambao hakuna hojaji ingeupata.

Jambo moja kuhusu (8) halina utata. Sharti lake ni mahususi. Halisemi wangejituma wala tungekuwa na bahati. Linataja nafasi (kiungo mkabaji) na wakati (mapumziko), ubao ukisoma 1-1. Sharti la namna hiyo linaweza kupingwa, na hupingwa. Jirani atasema kwamba kiungo huyo alikuwa hana pumzi, au kwamba mkabaji wa tatu angeiondolea timu mashambulizi. Hayo ni mabishano yenye ushahidi na pingamizi, na yanapaswa kusomwa hivyo na wale wanaorudia kwamba mashabiki hawajui mpira.

6.0 Si tulisema?

Linabaki suala la ujuzi. Shabiki wa Kisaki hakuwa uwanjani. Kamera hufuata mpira, na mambo mengi ya mbinu hutendeka mahali ambapo mpira haupo. Anajuaje kwamba timu ilikatika katikati?

Lugha yake inakiri pengo hilo na kulishughulikia. Kihisishi kumbe huingia pale ambapo ujuzi umepatikana kwa kuchelewa: kumbe beki wa kushoto alikuwa peke yake muda wote. Aliliona wakati wa marudio, picha ilipopanuka kidogo. Kwa kusema kumbe anakubali kwamba hapo kwanza hakujua, na anatenga kilichoonekana na kilichokisiwa. Naona na inaonekana hufanya kazi jirani na hiyo, japo ya kwanza huegemea maoni na ya pili huegemea ushahidi.

Kinyume chake ni si ya kuuliza:

(9) Si tulisema?

Hapa kikanushi hakikanushi. Kinamtaka msikilizaji akiri kile ambacho pande zote zinakijua tayari, kwamba hofu juu ya safu ya kiungo ilitajwa kabla ya mchezo. Umbo hili lina nguvu kwa sababu linahitaji mashahidi: haliwezi kusemwa kwa mtu ambaye hakuwapo wakati wa kusema. Kwa sababu hiyo hustawi kibandani, ambako waliokaa benchi moja wiki iliyopita ndio waliokaa tena leo, na kila mmoja anakumbuka nani alitabiri nini. Aliyesema tutashinda tatu hawezi kuja Jumatatu na si tulisema. Watamcheka.

Kumbe na si, basi, hazikai kwa mtu mmoja kuhusu jambo moja. Anayesema kumbe ameshangaa. Anayesema si tulisema anadai hakushangaa. Shabiki mzoefu huzigawa: si kwa ajili ya kiungo, ambacho alikilalamikia tangu mwanzo wa msimu, na kumbe kwa ajili ya beki wa kushoto, ambaye hakuwa ameonekana kwenye fremu. Kocha Mbrazili hakuwa na njia ya kuzisikia zote mbili. Waliozisikia walikuwa viongozi wa klabu, kupitia redio na magazeti, na kilichowafikia kilikuwa mfano (5) peke yake, kikiwa kimevuliwa mifano (2) hadi (4) iliyokitangulia.